Waliocheza ligi za chini za raga Midlands, Uingereza, kabla ya 2022: tupeane uzoefu

Propu wa Northampton (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Ligi niliyoichezea mimi, Midlands 4 East (South), haipo tena. Mwaka 2022 chama cha raga cha England, RFU, kilizivunja ligi zote za chini za mfumo ule wa zamani na kuzipanga upya kwa jina la Counties. Najua humu tupo wengi tuliopitia huko, wengine Midlands 3, wengine hadi Midlands 5, Jumamosi uwanjani na Jumatatu alfajiri kwenye maghala na hospitali. Tuyaandike tunayoyakumbuka. Hakuna mwandishi wa magazeti atakayetufanyia kazi hiyo.

Kwa wasioufahamu mfumo wenyewe: hadi miaka ya 80 klabu nyingi za England zilikuwa zikialikana tu mechi za kirafiki. Ligi ya kupanda na kushuka daraja ilianza msimu wa 1987/88, mdhamini akiwa kampuni ya bia ya Courage, na Leicester wakawa mabingwa wa kwanza kule juu. Sisi tulikuwa ngazi ya tisa kutoka juu. Kikanuni, klabu yetu yenye kiwanja kimoja na bafu la maji ya vuguvugu ilikuwa na njia ya kufika hadi juu kabisa. Wazo hilo nililipenda tangu siku ya kwanza na nalipenda mpaka leo.

Raga nilijifunzia shuleni Nakuru. Nilipohamia Northampton sikuwa na mtu ninayemjua. Jioni moja nikapita kando ya uwanja, watu wanafanya mazoezi, nikasimama kwenye uzio. Kocha akanitazama mabega, akaniuliza kama nimewahi kucheza mstari wa mbele, yaani wale watatu wanaobanana ana kwa ana na wapinzani. Basi. Nikapewa njumu za kuazima na jezi namba 3, ya propu, mmoja wa wawili wa pembeni kwenye mstari huo.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni skramu za Januari, pale timu mbili zinapofungamana na kusukumana kugombea mpira. Udongo juu umeganda, chini yake tope, njumu hazishiki, masikio yanauma kwa baridi. Siku moja propu wa wapinzani, fundi bomba wa makamo, alinikandamiza mpaka kidevu kikazama kifuani. Tulipoinuka akaushika mkono wangu wa kulia akaniwekea mahali pake kwenye jezi yake: shika hapa, kiwiko juu, la sivyo utaumia shingo. Mpinzani huyo, na mchezo bado unaendelea! Baadaye tukala soseji na maharage meza moja, akanieleza habari za goti lake hadi basi letu likapiga honi.

Karibuni.

Kilele (kutoka Arusha, sasa Corby)

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nakumbuka Ijumaa usiku zaidi kuliko Jumamosi. Saa tatu simu inaanza, nahodha anazunguka kwa kila mtu: "Kesho upo?" Huyu ana zamu, yule mtoto anaumwa, mwingine yuko harusini. Saa tano bado mko kumi na watatu.

Shida kubwa ilikuwa mstari wa mbele. Kanuni za raga haziruhusu mtu yeyote tu kuingizwa pale, lazima awe amefunzwa, kwa sababu ya shingo. Ukienda na wachezaji 15 lazima watatu wawe wa mstari wa mbele. Ukienda na 16 hadi 18 wawe wanne. 19 hadi 22, watano. Ukiwakosa, skramu zinachezwa bila kusukumana, na anayeingiza mpira ndiye anayeuchukua. Kwa timu iliyotegemea uzito kama yetu, hapo mechi imekwisha.

Na ukishindwa kabisa kupata watu, mwenzio anachukua pointi za mezani. Nimeona timu ikipewa pointi tano bila kuvaa viatu, na hakuna aliyefurahi. Wamechora mistari, wamepika, refa kafika, halafu simu inalia saa nne asubuhi.

Mzee wa Leicester

Wanangu, mimi nilifika Leicester mwaka 1972 kutoka Kampala, wakati wa Amin. Sikucheza. Watoto wangu wawili ndio waliocheza, nami nikawa mtu wa kuwapeleka na kuwarudisha, kwa hiyo nimeona kabla ya ligi na baada yake.

Kabla ya 1987 mechi zilipangwa kwa barua baina ya makatibu. Klabu mlicheza na jirani zenu wale wale miaka nenda miaka rudi. Ligi ilipokuja, wazee wa klabu waligawanyika. Kuna waliosema italeta uhasama, kuna waliosema vijana wanataka jambo la kulipigania. Naona wote walisema kweli. Vijana walianza kuja mazoezini kwa wingi, lakini zile mechi za majirani zikafa, kwa kuwa mmoja amepanda daraja na mwingine ameshuka.

Kisha Agosti 1995 ikaruhusiwa kulipa wachezaji. Hata huku chini nilishuhudia klabu zenye tajiri mmoja zikianza kutoa bahasha. Zilipanda haraka. Tajiri alipochoka, zilirudi zilikotoka na nusu ya wanachama hawapo.

Dada Nesi

Shikamoo mzee. Mimi nilikuwa na begi la huduma ya kwanza kando ya uwanja, mume wangu akicheza huka, yule wa katikati ya mstari wa mbele. Mlioandika hapo juu mmegusa mambo ya uwanjani, ila kilichoniumiza mimi ni korona.

Machi 2020 ligi zilisimamishwa kabla ya kumalizika, msimamo ukapangwa kwa wastani wa pointi za nyumbani na ugenini. Msimu wa 2020/21 ligi hazikuchezwa kabisa. Kikosi chetu kilikuwa na wanaume wengi waliovuka miaka thelathini na tano. Walipokaa nyumbani muda wote ule wakagundua kuna Jumamosi za kulea watoto na mgongo usiouma. Hawakurudi. Siwalaumu hata kidogo, wengine niliwafunga bandeji mwenyewe na najua miili yao ilivyokuwa.

Filimbi

Nimechezesha ligi hizo, naomba nipingane kidogo. Mabadiliko ya 2022 yalikuwa na maana. Ligi ya timu 12 ni mechi 22, na kwa watu wa ridhaa hizo ni Jumamosi nyingi mno, ukiongeza za kombe. Desemba mlikuwa mnaanza saa nane na robo mchana kwa kuwa viwanja havina taa na jua linazama kabla ya saa kumi. Mtu akiumia mkasimama dakika kumi na tano, dakika za mwisho naitafuta rangi ya mpira gizani. Kupunguza safari na kuwaruhusu kucheza wakiwa pungufu ya 15 kumeokoa mechi nyingi.

Propu wa Northampton

Filimbi, nakubali kuhusu safari. Ila naona jina jipya halikugusa kidonda. Klabu yetu ilikuwa na timu nne nilipojiunga, nikaondoka ikiwa na moja. Timu ya pili na ya tatu ndizo zilizokuwa zinalea propu na mahuka. Zilipokufa, timu ya kwanza ikakosa mahali pa kuchota, na mtu wa makamo asiyetaka ushindani akakosa pa kuchezea. Tulihesabu kupanda daraja tukasahau kuhesabu vichwa siku za mazoezi.

Mwenye vile vijitabu vya ratiba ya msimu, vyenye majina ya klabu na njia za kufika viwanjani, tafadhali avipige picha aviweke hapa. Vya kabla ya 2000 hasa.

Mzee wa Leicester

Ninavyo, viko kwenye boksi garini. Kijana wangu ataviskani Jumapili. Vimo pia vya miaka ya Courage, vingine vina madoa ya chai.

Kilele

Mzee usivifute hayo madoa. Mimi naleta picha za timu za Corby, nyuma zimeandikwa matokeo.