Mafundi wa Mombasa, hii "laki bado" yenu itatuulia injini!

Jamani mie nimechoka. Gari ya mzee wangu ni Forester ya 2009, injini EJ20, imetembea kilomita 58,000 tu kwa sababu safari zake ni Kongowea sokoni na Likoni kwa dadake. Belti ya taimingi, ile inayofanya vavu na pistoni ziende kwa mpangilio mmoja, ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kila gereji nikiipeleka ibadilishwe naambiwa, "Haijafika kilomita laki, bosi, wataka kutupa pesa?" Jana mmoja kafungua kifuniko cha plastiki, kamulika na tochi ya simu, kaibonyeza belti kwa kidole gumba, kasema haina nyufa, nirudi nayo nyumbani. Na mia tano ya kuangalia akachukua!

Nani kawaambia mpira wazeeka kwa kilomita peke yake? Joto la injini laula, miaka yaula, oili ikivuja kwenye sili za mbele, zile mpira za kuizuia isitoke, ndiyo basi kabisa. Na belti za siku hizi zaweza kung'oka meno bila hata ufa mmoja mgongoni. Huyo alikuwa akitafuta nini na tochi yake?

Halafu hizo kilomita zenyewe. Foleni ya feri Likoni, AC imewashwa, injini yanguruma, mileji haisogei. Belti yazunguka vile vile.

Najua haya yatoka wapi. Wamezoea Toyota 110 za injini ya 5A, belti ikikatika gari yazima tu, yavutwa, yafungwa mpya, kesho uko barabarani. Probox na Fielder za injini ya 1NZ nazo zina cheni badala ya belti. EJ20 si hivyo. Belti ikikatika pistoni zagonga vavu, na vavu ziko 16. Atakayelipa kufungua silinda hedi ni mzee na pensheni yake, fundi atakuwa ashasahau hata rangi ya gari.

Subaru wenyewe, kwa gari za soko la Marekani, waliandika maili 105,000 au miezi 105, chochote kitakachotangulia. Miezi 105 haifiki hata miaka tisa! Hesabuni wenyewe ya mzee iko wapi.

Na ukimpata anayekubali, ataka kubadilisha belti peke yake, puli kuukuu, zile gurudumu ndogo zinazoongoza belti, azirudishe na pampu ya maji aiache, eti "hizi ziko fiti". Pampu yenyewe yazungushwa na belti hiyo hiyo. Beringi ya puli ikikwama, belti mpya yaenda nayo.

Nataka fundi wa kufunga seti nzima: belti, puli zote, kikaza belti, pampu ya maji, sili za mbele, na anioneshe alama za taimingi kabla ya kufunika. Kisauni, Changamwe, hata Mtwapa naja. Spea nitanunua mwenyewe, na kuhusu wauza spea pia nina maneno, ila si leo.