Gumzo la familia: mtaji uliolala kwenye rafu

Mama Neema: Wapendwa, nawasalimu kutoka mtaa wa Majengo, Goma. Nimesoma ushauri wa Kaka Mkubwa kwamba nisimamishe kazi ya sabuni mpaka hali ya Goma itulie, na naomba kumjibu hapa hapa kwa heshima, kwa kuwa nyote mlichangia mtaji.

Kaka Mkubwa: Nilichosema ni kwamba tangu vita vilipofika Goma na benki zikafunga milango Januari 2025, na akiba zetu zikabaki ndani, hatuna tena pa kukushikia ukianguka. Isitoshe, nakuona umechangamka mno kwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba.

Mama Neema: Kodi nadaiwa, na mwenye nyumba hanifichi uso wake. Hata hivyo, sijidanganyi. Sabuni ya mawese ikishamiminwa kwenye kalibu na kukatwa, huachwa ikauke kwa takriban wiki 4 ndipo iwe ngumu na isiwashe mikono, kwa hiyo fedha mnayoiona imepotea imelala kwenye rafu yangu, nami naijua mche kwa mche kwa sababu imeandikwa daftarini. Asiyejua hesabu yake ndiye anayekosa usingizi.

Shangazi: Lakini, binti yangu, ni nani anayenunua sabuni wakati chakula chenyewe ni cha kutafuta?

Mama Neema: Shangazi, watu huacha nyama, hawaachi kufua. Waliokuwa wakichukua mche mzima sasa wanaomba kipande, basi ninakata kwa waya mwembamba, kipande kidogo cha bei ya faranga, na jioni faranga hizo zinatosha kununulia soda kali ya kutengenezea sabuni ya kesho. Niseme ukweli, saa ya kukata ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote: waya unapita, uso wa sabuni unatoka laini, na majirani wanakuja kunusa kabla hawajauliza bei.

Papa Amani: Naona soda hiyo unaichanganya karibu na watoto.

Mama Neema: Hapana, shemeji. Naichanganya nje, watoto wakiwa shuleni, tena namimina soda ndani ya maji wala si maji juu ya soda, maana yangeruka usoni. Kinachonichosha ni noti za dola: muuza mawese anakataa noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha, kisha chenji anayonirudishia ina mpasuko uleule! Siku hiyo tulicheka naye hadi wapita njia wakasimama.

Kaka Mkubwa: Kucheka hakulipi kodi.

Mama Neema: Hakulipi, lakini muuza mawese huyo sasa ananikopesha bidoni moja, yaani dumu la mawese, hadi mwisho wa juma, na hangemkopesha mtu anayefika kila mara amenuna.

Shangazi: Mimi zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, inaangukia mwezi huu. Achukue Mama Neema, nami nitapokea katika zamu yake, ila sehemu ya kodi itoke kwanza, kabla ya mawese.

Kaka Mkubwa: Nakubali, kwa sharti moja: kila Jumamosi aweke hapa picha ya daftari, ukurasa wa sabuni na ukurasa wa nyumba.

Mama Neema: Asante sana, Shangazi. Kaka, ukurasa wa sabuni utauona kila Jumamosi bila kukosa. Ule wa nyumba nitamwonyesha Shangazi peke yake.

Shangazi: Imekubaliwa. Papa Amani, wewe bado hujatoa mchango wako wa mwezi uliopita.