MJADALA: Mpiga besi wa studio alipwe ya siku moja tu, au naye apate mirabaha?

Wakuu, salaam. Nimeshika gitaa la besi kwa sababu ya James Jamerson, mpiga besi wa studio wa Marekani. "My Girl" ya kundi la The Temptations, ya mwaka 1964, inaanza na besi yake peke yake kabla gitaa jingine halijaingia. Noti chache tu, na tayari unajua ni wimbo gani. Siku nilipoyasikia yale niliacha gitaa la solo kabisa.

Jamerson alizaliwa South Carolina mwaka 1936, akahamia Detroit mwaka 1954. Alianzia kwenye besi kubwa ya kusimama, na hata alipopewa ya umeme aliendelea kuikwanyua kwa kidole kimoja, cha shahada. Kidole kimoja! Kampuni ya kurekodi ya Motown, ya hapo Detroit, ilitoa vibao vingi juu ya besi yake, lakini kwa miaka mingi majina ya wapigaji hayakuandikwa kwenye majalada. Alifariki mwaka 1983, akiwa na miaka 47. Rock and Roll Hall of Fame, jumba la Marekani la kuwaenzi wanamuziki, walimwingiza mwaka 2000.

Msimamo wangu: aliyepiga apate mirabaha, yaani sehemu yake kila wimbo unapoingiza pesa.

Mchangiaji wa 2: Napinga, mkuu. Nina studio ndogo. Nikirekodi nyimbo kumi, labda mmoja unarudisha hela. Mpiga besi anaondoka na chake siku ileile, hasara ya zile tisa inabaki kwangu. Akitaka mirabaha, tubebe na hasara pamoja.

Mwanzisha mada: Hoja ya hasara ni nzito, siidharau. Ila sidai nusu ya mali yako. Marekani kwenyewe, redio za kawaida hazimlipi mpigaji wala mwimbaji, anayelipwa ni mtunzi. Lakini redio za intaneti na za setilaiti zinalipa, na sheria imegawa hivi: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, na 5 kwa wapigaji na waimbaji wa pembeni. Hiyo 5 haijamfilisi mtu.

Mchangiaji wa 3: Na sisi waitikiaji msitusahau. Kiitikio ndicho watu wanachoimba harusini, mwenye sauti hajulikani.

Mwanzisha mada: Kweli kabisa, dada yangu. Ile 5 inagawanywa nusu kwa nusu: 2.5 wapigaji, 2.5 waimbaji.

Mchangiaji wa 2: Sawa, tuseme nimekubali. Nani atajua nani alipiga?

Mwanzisha mada: Hapo ndipo penyewe. Motown walianza kuwataja wapigaji wao mwaka 1971, kwenye albamu ya mwimbaji wao Marvin Gaye, "What's Going On". Nikuulize, mkuu: studio kwako kuna daftari la majina?

Mchangiaji wa 2: Sina. Na kuna wimbo wangu wa miaka mitatu iliyopita bado unapigwa kwenye mabasi. Besi yake ndiyo imeubeba, na jina la yule kijana silikumbuki.