Mjadala: Filamu za Brigitte Bardot zioneshwe kimya kimya, au hukumu zake zitajwe?

Taa ya Ukumbi (mleta mada)
Wakuu, tujadili bila matusi. Brigitte Bardot, mwigizaji wa Ufaransa, aliigiza kuanzia 1952 hadi 1973, akaacha sinema kabla hajatimiza miaka 40. Baada ya hapo mahakama za Ufaransa zilimtia hatiani mara sita kwa maneno ya kuchochea chuki au kuwatukana watu kwa asili yao. Filamu zake zinapopangwa kuoneshwa, wapo wanaotaka hukumu hizo zitajwe kwenye utambulisho, na wapo wanaosema filamu ni filamu. Mimi nasema zitajwe. Le Mépris ya 1963 ni kazi ya mwongozaji Godard, ya mpiga picha Raoul Coutard na ya Bardot mwenyewe, na haipungukiwi kitu mtazamaji akiujua ukweli. Mnasemaje?

Mpenda Picha
Mleta mada, unaanzia mahakamani kabla hujazungumzia uigizaji. Huyu mama alionewa na sinema yenyewe. Kwenye Et Dieu… créa la femme (1956) prodyuza Raoul Lévy alipata pesa za kupiga kwa rangi pale tu Curd Jürgens alipokubali kuingia, ikabidi hadithi ipanuliwe ili Jürgens apate nafasi, na bado watu waliingia ukumbini kumtazama Bardot akicheza dansi ya mambo pekupeku. Kwenye Le Mépris ile picha ya kitandani mwanzoni haikuwa ya Godard. Prodyuza Joseph Levine wa Marekani aliitazama filamu ikiwa imekwisha, akalalamika kwamba amelipia Bardot na hajauona mwili wake. Godard akarudi kuongeza kipande kile, akakipaka rangi nyekundu na buluu. Asiyemjua atazame La Vérité ya 1960, pale Bardot anaposimama kizimbani kujitetea. Hapo hachezi kwa umbo, anacheza kwa sauti.

Halafu kosa lake kubwa ni lipi? Alitaka kondoo azimishwe fahamu kabla ya kisu. Hilo nalo ni kosa?

Bi Rukia
Mpenda Picha, hilo la mwisho ulilolitupia kama mfupa ndilo ninalolijibu, hayo ya Godard nakuachia. Hakuhukumiwa kwa kuwahurumia kondoo. Mwaka 2006 alimwandikia barua Sarkozy, wakati huo waziri wa mambo ya ndani, kuhusu Idi ya kuchinja, akasema Waislamu wanaiharibu nchi kwa kuilazimisha kufuata mambo yao. Mwaka 2008 akatozwa faini ya euro 15,000. Kabla yake, 2004, alitozwa euro 5,000 kwa aliyoyaandika kitabuni. Mwaka 2021 mahakama ya Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, ikamtoza euro 20,000, na huko hakuwa akiwasema Waislamu: alikasirishwa na Watamil, Wahindu wenye asili ya India Kusini, wanaochinja mbuzi kwenye ibada zao, akaandika kwamba watu wa kisiwa wana jeni za kishenzi. Kondoo yuko wapi hapo? Hilo ni tusi kwa binadamu.

Kipanga
Mimi nilisikia alifungwa jela kabisa kwa ile barua.

Taa ya Ukumbi
Hapana, zote ni faini. Msingi ni sheria ya magazeti ya 1881 iliyoongezewa makali 1972. Kifungo kimo ndani ya sheria, yeye hakupewa. Lakini tusitoke kwenye mada: zitajwe au zisitajwe?

Mkwaju
Bi Rukia, shikamoo, lakini umelikwepa swali. Tusi ni tusi, nakubali. Lakini yule mama Januari 1962 alikwenda televisheni ya taifa kudai bastola ya kuzimishia, inayompiga mnyama msumari kichwani apoteze fahamu, itumike kwenye machinjio, akaonana na waziri Roger Frey, na 1964 Ufaransa ikatoa amri ya kuwazimisha wanyama kabla ya kuchinjwa. Amri hiyo iliacha mlango kwa machinjo ya kidini. Kwa hiyo kabla ya barua zote hizo alikuwa ameokoa mamilioni ya ng'ombe na mateso. Mnyama anayechinjwa na fahamu zake anaumia, iwe kwa dini au bila dini.

Bi Rukia
Marahaba. Lakini usinifundishe kuchinja, Mkwaju. Kisu kikali, mkono uliojua kazi, mnyama haoni kisu kikinolewa mbele yake, haoni mwenzake akichinjwa. Hayo yalikuwapo karne nyingi kabla ya televisheni ya Ufaransa. Anayechinja ovyo ni mchinjaji mbovu, usiibebeshe dini.

Daktari wa Mifugo
Naingia hapa kwa sababu mnabishana kuhusu mnyama kana kwamba kondoo na ng'ombe ni mwili mmoja. Siyo.

Kondoo ukimkata vizuri, yaani koromeo, umio, mishipa miwili ya damu iendayo kichwani na miwili irudiyo, kwa kawaida fahamu huondoka ndani ya sekunde 20. Ubongo wake hutegemea ile mishipa ya mbele ya shingo. Ng'ombe ana njia nyingine: mishipa inayopita ndani ya pingili za shingo huendelea kuupelekea ubongo damu hata baada ya koo kukatwa. Halafu kuna tatizo la pili: ncha za mishipa iliyokatwa hurudi ndani ya ala yake, damu inaganda, uvimbe unaziba, shinikizo linabaki juu. Ng'ombe wengi huzimika upesi, lakini wapo wanaozidi dakika nzima. Kukata juu zaidi, usawa wa pingili ya kwanza, hupunguza kuziba huko. Kisu kiwe na urefu angalau mara mbili ya upana wa shingo, kisiwe na pengo hata moja, na jeraha lisijifunge juu ya bledi wakati wa kukata.

Kwa hiyo Bi Rukia yuko sahihi zaidi kwa kondoo, Mkwaju yuko sahihi zaidi kwa ng'ombe.

Mkwaju
Daktari, hiyo ni kauli ya mtu asiyetaka kugombana na yeyote. Bastola inamaliza kazi papo hapo, basi.

Daktari wa Mifugo
Inamaliza ikipigwa inavyotakiwa. Piga mstari wa mawazo kutoka kila jicho kwenda kwenye mzizi wa pembe ya upande wa pili. Inapokatana mistari miwili ndipo pa kuweka mdomo wa bastola, wima kabisa juu ya mfupa. Ukishuka kuelekea puani umemjeruhi tu, na sasa una ng'ombe mwenye maumivu na hasira. Kondoo asiye na pembe hupigwa utosini, mwenye pembe hupigwa nyuma ya pembe. Baruti ikipata unyevu, msumari hutoka taratibu. Masizi yakijaa ndani, au mipira ya kurudishia msumari ikichakaa, msumari haurudi wote na pigo linalofuata linakuwa dhaifu. Usafi wake ni kila siku ya kazi. Ng'ombe aliyezimika huanguka palepale, pumzi ya mpangilio inakata, ukigusa mboni hapepesi. Akipepesa, piga tena mara moja kabla ya kumtundika. Kisha kisu kiingie ndani ya dakika moja.

Bi Rukia
Na akifa kwa huo msumari kabla ya kisu, hicho ni kibudu. Hapo ndipo Waislamu wengi wanapokataa. Hatukatai huruma, tunakataa kula kilichokufa kabla ya kuchinjwa.

Daktari wa Mifugo
Ndiyo maana ipo njia ya umeme wa kichwani pekee. Kanuni ya Ulaya ya 2009 inataka kondoo apate mkondo wa umeme wa angalau ampea 1. Mkondo ukipita kichwani tu, moyo hausimami. Ukimwacha bila kumchinja, anaamka. New Zealand huwazimisha hivyo wana-kondoo wanaochinjwa kwa halali, na wanunuzi Waislamu wanaikubali nyama. Yapo masharti: koleo za umeme zishike pande mbili za kichwa kati ya jicho na sikio, sufi iloweshwe maji maana ikiwa kavu umeme haupiti vizuri, na kisu kiingie ndani ya sekunde 15. Ukichelewa, ameshaanza kuzinduka.

Kipanga
Basi Bardot angedai umeme akaacha kuwatukana watu, tusingekuwa hapa.

Mpenda Picha
Kipanga, wewe ulikuja na habari za jela, sasa umekuwa hakimu. Mwaka 1987 aliuza kwa mnada vito, nguo na vitu vyake vya sinema, zikapatikana faranga milioni 3 za kuanzishia taasisi yake. Nitajie mwigizaji mwenzake aliyevua pete zake kwa ajili ya punda na mbwa. Mwaka 1977 alikwenda mwenyewe kwenye barafu ya Kanada kuwatetea sili (wanyama wa baharini) wachanga weupe, na 1983 Ulaya ikazuia ngozi zao.

Bi Rukia
Malizia hadithi basi. Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, hawakuwa wakiwinda wale wachanga weupe. Waliwinda sili wakubwa wa aina nyingine, wakala nyama, wakauza ngozi kupata fedha za risasi na petroli. Katazo liliwaachia mlango kwenye karatasi, lakini wanunuzi walikimbia ngozi zote, bei ikaporomoka, vijiji vya Aktiki vikakosa kipato. Ni mtindo uleule wa zile barua: anamwona mnyama, hamwoni mtu aliyesimama pembeni yake.

Mkwaju
Kwa hiyo sili wachanga wangeendelea kupigwa marungu ili soko lisitikisike?

Bi Rukia
Nimesema hivyo wapi? Nukuu sentensi yangu. Ungeweza kuzuia ngozi ya mchanga mweupe na kuiwekea alama ngozi ya Mwinuiti tangu siku ya kwanza, mnunuzi akazitofautisha dukani. Lilikuwa jambo la kuwauliza wawindaji kabla ya kupiga kura, na hawakuulizwa.

Taa ya Ukumbi
Jamani, filamu?

Daktari wa Mifugo
Mkwaju, jambo moja nimelisahau kwenye ng'ombe. Ulaya, wa machinjo ya kidini lazima abanwe kwa mashine, mmoja mmoja, na asifunguliwe mpaka fahamu zimetoka. Kiwanda kinachokimbiza mstari humfungua mapema kwa kuhesabu sekunde badala ya kumgusa mboni. Ukitaka kupunguza mateso kesho asubuhi, anzia hapo.