Kwa nini mzigo wa Kisumu unatozwa ushuru Sirari?

Muuza vyombo, Makoroboi
Habari za jioni, ndugu zangu. Wiki iliyopita nilinunua kwa muuzaji mmoja wa jumla mjini Kisumu dazeni 40 za mabeseni ya plastiki ya Kenya pamoja na katoni sita za chupa za chai. Tulipofika mpakani Sirari, mabeseni hayakutozwa ushuru wa forodha, lakini chupa zilitozwa, na mzigo wote ukalipiwa VAT. Ikiwa ushuru kati ya Kenya na Tanzania ulishaondolewa, fedha hizi nimelipia nini?

Wakala wa forodha, Sirari
Kaka, geuza chupa moja usome kitako chake. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005 uliondoa ushuru kwa bidhaa zenye uasili wa Afrika Mashariki tu, yaani zilizozalishwa au kutengenezwa huku, na zile za Kenya zilizokuwa zikitozwa kuingia kwetu zilishushiwa kiwango mwaka hadi mwaka mpaka zikafika sifuri mwaka 2010. Kitu kilichotoka nje ya Jumuiya hutozwa Ushuru wa Pamoja wa Forodha, ambao kwa bidhaa zilizokamilika kwa kawaida ni 25%, na kwa baadhi 35% tangu Julai 2022, hata kama umekinunua Kisumu. Mabeseni yako yalipita kwa cheti cha uasili. Mzigo usiozidi dola 2,000 hupata kile kilichorahisishwa hapahapa mpakani. VAT ni jambo jingine kabisa: ni kodi ya ndani ya 18%, na beseni la kiwanda cha Mwanza nalo linaibeba.

Muuza vyombo, Makoroboi
Nimegeuza, na kweli imeandikwa China. Ila muuzaji anasema alishalipa ushuru Mombasa. Inakuwaje nilipe tena?

Wakala wa forodha, Sirari
Hapo una haki ya kulalamika, na si wewe wa kwanza. Hata hivyo, risiti ya Mombasa inathibitisha malipo, haithibitishi uasili, na afisa wa hapa anachotafuta ni uasili.

Mkazi wa Nyegezi
Naongeza kidogo, kwa kuwa wengi wanautumainia mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika. Nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, zimepewa miaka 10 kuondoa ushuru kwa 90% ya aina za bidhaa, lakini nao una kanuni zake za uasili. Chupa ya China itabaki ya China.

Wakala wa forodha, Sirari
Safari ijayo mwambie muuzaji aandike ankara mbili, mabeseni peke yake na chupa peke yake, ili mabeseni yasilazwe mpakani yakisubiri chupa zikadiriwe.