Eti "kibatari kimezimika"! Yule jamaa wa maiki leo kanivukia mpaka

Wakuu leo sisalimii mtu, nimetoka kwenye seva ya gemu letu la ndege za kivita sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule mnayemjua, anayetuongoza misheni, yule wa maiki yenye mwangwi kama anaongelea ndani ya pipa, ID yake sitaji mods wasije wakafunga uzi, amenidhalilisha mbele ya watu 16. Kumi na sita!! Nilihesabu.

Ilikuwa misheni ya Ghuba ya Uajemi, mimi na F/A-18 Hornet yangu nimebeba mabomu mawili ya pauni 2000. Tunafika kwenye shabaha, wingu zito, huoni hata mkono wako. Nikamuuliza niyaachie baharini? Akasema bomu halitupwi, bomu ni mali, linarudi nyumbani. Mali!

Sasa Hornet ikizidi pauni 34,000 haitakiwi kutua kwenye meli ya kubeba ndege, pale ndoano ya mkiani inaposhika waya ikusimamishe. Mitambo ya chini ya sitaha inayozuia hizo waya inasetiwa kwa uzito wa ndege inayokuja, na ndege nzito ukishikilia pembe ileile ya 8.1 kati ya bawa na upepo inakuja kasi zaidi, hilo kila mtu anajua, YEYE ndio alinifundisha. Nafungua ukurasa wa CHKLST kwenye skrini ya ndege, uzito nasoma 37,400. Mafuta 5,600. Mabomu hayaruhusiwi kutupwa, kwa hiyo kinachopungua ni nini? Mafuta! Nikazungusha bingo, yaani kiwango cha onyo la mafuta, mpaka 2,100 maana swichi ya kumwagia inajifunga yenyewe mafuta yakifika hapo, nikaifungua, nikaona mkia mweupe unatoka nyuma kama moshi wa ubani, roho inaniuma kila tone. 33,900. Kihalali kabisa.

Nikapita juu ya meli futi 800, nikakata kona, nikashusha magurudumu na ndoano, 600, nikageuka, taa ya kuongozea kutua naiona katikati safi, natangaza mafuta yangu kwa adabu, mbili nukta moja, yaani 2,100. Akacheka. Halafu "rudi juu rudi juu", kuna mtu kapaki ndege yake ya Tomcat juu ya waya wa tatu! Nikaweka moto wote nikazunguka. Mara ya pili nina haraka, ndoano ikaruka waya zote nne. Mara ya tatu sikufika, injini ya kushoto ikafa, ya kulia ikamfuata mwenzake, nikavuta kiti.

Maiki kimya. Nipo kwenye parachuti naangalia ndege yangu inaingia majini na mali zake zote mbili. Ndio mtu mzima, taratibu kabisa, kama anakunywa chai, anasema:

"Kibatari kimezimika."

Watu 16 wakapasuka. Kuna mmoja alicheka mpaka akakohoa. Kibatari! Mimi! Nina saa zaidi ya 900 kwenye hii ndege! Ningeishiwa kwa uzembe sawa, ila mafuta nimemwaga kwa amri yake, nimezungushwa kwa amri yake, halafu kibatari kimezimika? Na alivyoitamka, ki-ba-ta-ri, anaikata kama muwa. Hata sasa nikifumba macho naisikia.

Kengewa: Siti ya mbele, karanga ninazo.

Fundi_Rada: Pole mkuu ila ukweli usemwe, 2.1 ni ya kuzunguka mara moja, ya pili uogope. Ungeyaachia mabomu baharini, zile pauni 3,500 za mafuta ulizomwaga ungebaki nazo zote. Au ungekimbilia uwanja wa Al Dhafra mapema, nchi kavu hakuna wa kukuuliza waya.

Mwenye uzi: NILIMUULIZA!! Akasema ni mali! Mnasoma au mnapita tu?

Tausi88: Nilikuwepo. Mimi ndio niliyekohoa. Samahani mkuu Kibatari.

Mwenye uzi: Usiniite hivyo.

Kengewa: Kibatari kapandisha utambi 😂

Mwewe_wa_Pangani: Nyie mnalia na Hornet, njooni huku kwenye Tomcat muone. Mwisho wa kutua melini pauni 54,000, kombora moja la Phoenix karibu pauni 1000, halafu huyohuyo jamaa yenu ananilazimisha nitundike sita na nirudi nazo. Wanamaji wa Marekani wenyewe kwa kawaida walikuwa hawatui melini na sita, mimi nitaweza wapi? Na samahani, ile Tomcat kwenye waya wa tatu ilikuwa yangu. Joistiki ilikata USB, nikawa nahangaika chini ya meza na tochi ya simu.

Mwenye uzi: KUMBE NI WEWE

Kozi_Mweusi: Hizo USB ni janga. Ya kwangu ikikata ndege inajilaza upande kama mbuzi anayechinjwa. Nimeagiza nyingine, ushuru wa bandarini umekaribia bei ya joistiki yenyewe. Kuna mtu kalipa kidogo hapa anielekeze?

Fundi_Rada: Afadhali ushuru. Mwanangu kamwaga uji wa ulezi kwenye throto, ule mkono wa kuongezea moto injini, vitufe vinanata, kila nikifungua breki za hewa ndoano inashuka yenyewe. Nimesugua na pamba na spiriti wiki nzima.

Tausi88: Uji wa ulezi hautoki huo. Huku umeme umekatika mara tatu jana, kila mara nikiwa kwenye fainali, karibu kutua. Kila mara!

Mwenye uzi: Jamani. Uzi unahusu kibatari.

Kozi_Mweusi: Subiri kidogo mkuu. @Fundi_Rada nina throto ya zamani nauza, nzima, ina kitufe kimoja tu kinagoma.

Fundi_Rada: Kipi?

Kozi_Mweusi: Ambacho nilikiseti kumwaga mafuta.

Fundi_Rada: Naichukua. Niko Mwanza, utaituma kwa basi?

Mwewe_wa_Pangani: Ikishindikana huko niachie mimi, niko Tanga. Waya wake wa USB una urefu gani?