Malengelenge ya mdomo yananirudia kila mara, wana Kigoma naombeni msaada

mama_mwaloni:
Habari zenu wapendwa, naomba mnisaidie mawazo manake nshachoka. Mimi nafanya biashara ya dagaa hapa mwaloni Kibirizi, asubuhi vipe, yaani mitumbwi ya wavuvi wa dagaa, vikirudi tunanunua tunaanika, mpaka mchana jua linawaka bado tuko hapohapo. Tatizo langu ni mdomo. Unaanza kuwasha na kuchomachoma sehemu moja, hapa pembeni ya mdomo wa juu, kesho yake panavimba vinatoka vilengelenge vidogo vya maji vimejikusanya pamoja, vinapasuka panakuwa kidonda, halafu linakuja gaga ambalo nikicheka tu linachanika damu inatoka. Inachukua karibia wiki mbili, nikisema sasa nimepona haikai sana inarudi tena palepale. Kiangazi kuanzia mwezi wa sita ndio balaa zaidi, na siku zangu zikikaribia pia. Ila nimeona kitu kimoja, kipindi cha mbalamwezi vipe vikiwa havitoki nakaa nyumbani na mdomo unatulia.

Nimepaka mawese, nimepaka chumvi na limao, nimepaka dawa ya meno, wapi. Majirani wanasema ni malaria inatokea mdomoni kwahiyo nikitokwa tu naenda kununua dawa mseto nameza. Kilichoniumiza zaidi kuna mtu kamwambia wifi yangu kwamba huo ni ugonjwa wa zinaa, au nina ngoma, na sahivi nyumbani sina raha kabisa. Halafu mdogo wangu yuko Ujiji anajifungua muda wowote na mimi ndio wa kwenda kumlea. Nauliza hii kitu inaisha moja kwa moja? Nifanye nini isirudirudi? Nawasilisha.

chumvi_uvinza:
Pole sana dada angu, hiyo naijua vizuri. Mimi niko huku Uvinza kwenye chumvi, na chumvi ilivyo nyeupe jua linapiga chini linarudi usoni, kofia peke yake haisaidii sababu mwanga unakuja kutokea chini. Wewe hapo una maji ya ziwa na mchanga, ni yaleyale. Kilichonisaidia ni mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, angalia pameandikwa SPF 30 au zaidi, manake mafuta ya kawaida ya mgando na hayo mawese yanalainisha tu hayazuii jua. Napaka kabla sijatoka, narudia kila baada ya saa mbili hivi na kila nikimaliza kula au kunywa, na mchana najifunga kitambaa puani mpaka kidevuni. Siwezi kusema imeacha kabisa lakini sahivi inapita miezi sijaiona.

dawa_kwanza_mwanga:
Dada pole, mimi nipo duka la dawa maeneo ya Mwanga na wateja wa hili jambo napata kila wiki, tena wengi wanakuja wameinamisha uso kwa aibu, na aibu yenyewe haina sababu.

Hicho ulichoelezea, kuwasha kwanza, kisha vilengelenge vimejikusanya, na kurudi palepale, kinafanana kabisa na hepesi ya mdomo. Kirusi chake ni HSV-1. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50 wanacho, yaani zaidi ya nusu ya watu wa umri huo, na wengi walikipata utotoni kwa kubusiwa na shangazi, bibi, mama, au kunywea kikombe kimoja na mtu mwenye kidonda. Kwahiyo wifi yako umwambie hivyo, kutokwa na vidonda hivi hakumaanishi mume wala mke ametoka nje. Na wala sio kipimo cha UKIMWI. Kitu cha kuangalia ni kidonda ambacho kinakaa zaidi ya mwezi bila kupona, au kinachosambaa sana, hapo nenda ukapime sababu inaweza kuwa dalili kwamba kinga ya mwili imeshuka. Cha kwako kinapona ndani ya wiki mbili, hiyo ndio kawaida yake.

Kuisha moja kwa moja hapana, nisikudanganye. Kirusi kikishaingia kinakwenda kujificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso karibu na sikio, kinalala huko miaka na miaka, halafu kikichokozwa kinarudi kwa mshipa uleule mpaka kwenye mdomo, ndio maana kinatokea palepale kila siku. Vinavyokichokoza ni jua kali, homa yoyote, uchovu, mawazo, hedhi, na mdomo uliochanika. Wewe hiyo mbalamwezi umeshajijibu mwenyewe, jua ndio linakuumiza.

Dawa ipo, inaitwa acyclovir. Siri yake ni muda. Ile siku unasikia kuwasha na kuchoma, kabla lengelenge halijatoka, ndio siku ya kuanza, ukisubiri mpaka gaga faida inakuwa ndogo sana. Krimu ya asilimia 5 inapakwa mara tano kwa siku kwa siku 4 au 5 lakini inapunguza kama siku moja hivi tu, vidonge ndio vina nguvu zaidi, kwa mtu mzima miligramu 200 mara tano kwa siku kwa siku 5, na kunywa maji ya kutosha. Kama una tatizo la figo au una mimba sema kwanza kabla hujauziwa. Limao, chumvi na dawa ya meno acha, vinaunguza ngozi na kidonda kinachelewa. Antibaiotiki pia hazina kazi hapa, kirusi sio bakteria.

mzee_wa_buhigwe:
Wanangu mimi naheshimu elimu lakini sisi tumekua tunajua mtu akitoka hivyo ni homa imetokea mdomoni, na kweli unakuta alikuwa na malaria. Mnataka kusema wazee walikuwa waongo?

dawa_kwanza_mwanga:
Shikamoo mzee. Hapana, wazee waliona vizuri. Homa inakiamsha kile kirusi, na mkoa wetu malaria ipo nyingi, kwahiyo watu wengi wametokwa na vidonda baada ya malaria kweli. Shida iko kwenye kugeuza, kwamba kila kidonda cha mdomo ni malaria. Dada hapa anatokwa kwa jua, hana homa, anameza dawa mseto bure na siku malaria ikija kweli atadhani ameshaitibu. Akiwa na homa apime, kile kipimo cha kutoboa kidole kinatoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, na zahanati zetu zinacho.

mama_mwaloni:
Asanteni sana jamani, kidogo moyo umetulia, na wifi nimemsomea hayo maneno ya watu bilioni. Maswali mawili. Ndani nina tubu ya mchanganyiko nilipewa zamani ya fangasi, imeandikwa betamethasone na vingine, naweza kupaka hiyo wakati natafuta acyclovir? Na hivi vidonge siwezi kumeza kila siku tu kiangazi chote?

dawa_kwanza_mwanga:
Hiyo tubu usiiguse kabisa mdomoni, betamethasone inashusha kinga ya ngozi na kirusi kinapata nafasi ya kusambaa. La pili umeuliza vizuri. Ndiyo, wapo wanaomeza kila siku, mara nyingi miligramu 400 asubuhi na jioni kwa miezi kadhaa, lakini hiyo anapewa mtu anayetokwa mara kwa mara, kama mara sita kwa mwaka na kuendelea, na anaandikiwa na daktari, sio mimi dirishani hapa. Nenda hospitali umweleze kama ulivyotueleza sisi. Kwa sasa nunua dozi moja uwe nayo kwenye mkoba hukohuko mwaloni, manake ukianza kuwashwa saa nne asubuhi na dawa iko nyumbani kabatini unapoteza siku nzima.

nesi_wa_zamu:
Nimesoma yote ila hakuna aliyemjibu kuhusu mtoto wa Ujiji, na mimi hapo ndipo moyo umeniruka. Dada tafadhali nisikilize. Kwako wewe hiki ni kidonda cha mdomo, kwa kichanga hasa wa wiki nne za mwanzo kinaweza kuingia kwenye ubongo na ini na kumuua. Kama una kidonda au hata unahisi kuwasha usiende kulea, atangulie mtu mwingine, wewe nenda gaga likishadondoka na ngozi imefunga. Ikiwa hakuna mtu mwingine kabisa, vaa barakoa muda wote, nawa mikono kwa sabuni kila kabla ya kumshika, usimbusu popote hata miguuni, na usimlambie kijiko. Na wageni wote wanaokuja kumuona mtoto ni hivyohivyo, mwenye kidonda amuangalie kwa mbali, mwambie mdogo wako asione haya kukataa.

Wewe mwenyewe ukigusa kidonda usishike jicho, hepesi ikiingia kwenye jicho inaweza kuacha kovu na kuharibu uwezo wa kuona, jicho likiwa jekundu, linauma na linaogopa mwanga wahi hospitali siku hiyohiyo. Na kwa mume, kidonda kikiwepo hakuna kubusiana wala kutumia mdomo sehemu za siri, kirusi hichi hichi kinahamia huko.

Mtoto akigoma kunyonya, akalegea, akapata homa au mwili kuwa wa baridi, degedege, au ukaona kilengelenge hata kimoja kwenye ngozi, msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali ya mkoa Maweni usiku huohuo na mseme mapema kwamba nyumbani kuna mtu mwenye hepesi ya mdomo, wataanza kumpa acyclovir ya mshipa. Kunyonyesha hakuna shida, aendelee, isipokuwa kama vilengelenge vimetoka kwenye titi, hilo asimnyonyeshe mpaka lipone, amnyonyeshe lingine.